Macho Yakipiga Manjano: Mwongozo wa Upasuaji wa Ini, Nyongo na Kongosho kwa Wagonjwa wa Unguja na Pemba

Aliletwa wodini usiku, kavaa buibui na miwani ya jua. Mwanawe akasema macho yanamuuma mama. Nilipomwomba avue miwani, weupe wa jicho ulikuwa rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na mikono yake imejaa mikwaruzo ya kujikuna tangu begani hadi kiwikoni. Wiki sita alikuwa akiyaficha manjano yale kwa kuwa mtaani walishaanza kusema karogwa. Kwenye mkoba wake mlikuwa na dawa za vidonda vya tumbo, vidonge vya malaria, na chupa ya kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani. Karatasi ya kipimo haikuwamo hata moja.

Mimi ni muuguzi, na miaka mingi nimeifanyia wodi ya upasuaji, Pemba kwanza kisha Unguja. Nilichokiona ni kwamba wagonjwa wa ini, nyongo na kongosho huharibikiwa zaidi na mpangilio. La tatu hufanywa kabla ya la kwanza, na huku siku zinakwenda. Basi nayaandika haya kwa mpangilio wake, nikiwalenga hasa wale wanaouguza, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana nguvu ya kuuliza.

Hatua ya kwanza: angalieni choo na mkojo

Ini hutengeneza nyongo karibu lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwenye mrija mmoja, ikipita kando ya kifuko kidogo kinachoiweka akiba, kisha mrija huingia ndani ya kichwa cha kongosho na kumwaga kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba. Viungo vitatu, njia moja. Ndiyo maana jiwe dogo la nyongo, lililoganda ndani ya kifuko hicho likashuka mrijani, hata liwe kama punje ya mtama, linaweza kumgeuza mtu manjano, na uvimbe wa kongosho ukafanya vivyo hivyo.

Rangi ya choo chetu hutokana na nyongo. Mrija ukiziba, nyongo haifiki utumboni: choo hupauka kama unga wa muhogo, na nyongo iliyokosa njia hurudi kwenye damu na kutokea kwenye mkojo, ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Mwili nao huwasha, usiku kuliko mchana. Ikiwa choo kina rangi yake ya kawaida na macho ni ya manjano, shaka huelekea zaidi kwenye ini lenyewe au kwenye damu, kama kwa wenye seli mundu. Watu huona haya kulizungumza. Msione haya. Daktari akiuliza rangi ya choo na mtoto wa mgonjwa akajibu "sijaangalia", hapo tumepoteza jibu ambalo lingepatikana bure.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni manjano yanayokuja bila maumivu. Daktari mmoja wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika mwaka 1890 kwamba mgonjwa mwenye manjano ambaye kifuko chake cha nyongo kimevimba na kinashikika, kwa kawaida tatizo lake si mawe. Sisi husikia faraja mgonjwa akisema haumwi. Kwa ugonjwa huu, kutoumwa ndiko kunakotutia wasiwasi, hasa mtu akiwa amevuka miaka 50, anapungua uzito, na kisukari kimemwanza ghafla hali hakuna wa ukoo wake aliyewahi kuwa nacho. Huyo atazamwe kongosho.

Kwa upande wa mawe, maumivu hukaa chini ya mbavu za kulia au katikati ya kifua na tumbo, hupanda hadi begani au mgongoni, na huja saa moja au mbili baada ya chakula cha mafuta. Biriani ya harusi, urojo wenye bajia nyingi. Wengi hubandikwa vidonda vya tumbo miaka na miaka, na wazee wetu huita chango. Ikiwa dawa za vidonda zimeliwa miezi mitatu na maumivu hayaondoki, ombeni kupigwa altrasaundi.

Neno moja kuhusu majina. Wengi huita manjano yoyote "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, wa virusi vinavyoenezwa na mbu, ule wenye kadi ya chanjo ya safari. Mkimwambia daktari "ana homa ya manjano" mtampeleka njia nyingine. Semeni "macho yake yamekuwa manjano tangu tarehe fulani".

Dalili zisizongoja asubuhi

Manjano, maumivu ya tumbo na homa ya kutetemeka, vitatu hivi vikikutana, mrija umeziba na umeingia vijidudu. Mgonjwa aende hospitali usiku huohuo. Malaria kwetu visiwani imeshuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo mtetemeko wa namna hii usiishie kwenye kipimo cha malaria tu. Apimwe, ndiyo, lakini kipimo kikisema hana, msirudi nyumbani.

Vivyo hivyo akichanganyikiwa maneno, akitapika damu, au tumbo likikakamaa kama ubao.

Na mtoto mchanga: manjano yakizidi siku 14 na choo ni cheupe, mpelekeni. Wapo watoto wanaozaliwa mrija wao wa nyongo umeziba, na upasuaji wao hufaa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Nimewaona wakiletwa wakiwa na miezi mitano, wamenenepa mashavu na tumbo limejaa maji. Bibi alisema ni jua tu, waanikwe.

Hatua ya pili: vipimo, kwa zamu yake

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, na hiki hupatikana Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee kule Mkoani, wala hakina haja ya kuvuka bahari. Mgonjwa asile kwa saa sita hadi nane kabla, kwani akila kifuko cha nyongo hujikamua na mawe hayaonekani vizuri. Swali la kumuuliza mpimaji ni hili: mrija mkuu umetanuka? Kwa kawaida upana wake hauzidi kama milimita 6. Ukiwa umetanuka, kuna kizuizi mbele.

Damu ipimwe bilirubini, yaani ile rangi ya manjano yenyewe (kawaida yake ni chini ya mikromoli 20 kwa lita hivi), vimeng'enya vya ini, figo, sukari, wingi wa damu, homa ya ini B na C, na kasi ya kuganda kwa damu. Hiki cha mwisho husahauliwa, na bila hicho hakuna daktari wa upasuaji atakayeshika kisu. Ipo pia alama ya damu iitwayo CA 19-9, inayohusishwa na saratani ya kongosho, ambayo watu hupata matokeo yake wakaanza kulia. Hata mrija ukiziba kwa jiwe tu, alama hiyo hupanda. Msilie bado.

Altrasaundi ikionyesha kizuizi kisicho jiwe la wazi, hufuata CT skani ya kongosho, ile yenye dawa ya kuingizwa mshipani na picha za awamu zaidi ya moja. CT ya tumbo ya kawaida haitoshi. Na hapa ndipo mpangilio hukosewa kuliko pote: CT itangulie bomba. Bomba ni kijirija cha plastiki au cha chuma kinachowekwa kwa kamera ya mdomoni kuzibua njia ya nyongo, kazi ambayo madaktari huiita ERCP. Bomba likishakaa, kongosho huvimba kidogo na picha huchafuka. Daktari hawezi tena kupima vizuri kama uvimbe umeshika mishipa mikubwa ya damu. Na hilo ndilo linaloamua kama utakatwa au la.

Wala si kila mwenye manjano anahitaji bomba kabla ya upasuaji. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kichwa cha kongosho wenye bilirubini isiyozidi mikromoli 250 kwa lita, waliowekewa bomba kwanza walipata madhara zaidi kuliko waliopasuliwa mapema. Lakini hao walipasuliwa ndani ya wiki moja. Kwetu, ukipangiwa tarehe ya mbali, au una homa, au ini limechoka, bomba lina kazi yake. Ulizeni tu sababu.

Hatua ya tatu: rufaa na bahari

Mtu wa Pemba akishajua ana mawe kwenye kifuko peke yake, apange upasuaji kwa utulivu. Mwenye kizuizi cha mrija au uvimbe ajiandae kwa safari ya Unguja, Mnazi Mmoja au Lumumba, na huenda baadaye Muhimbili. Barua ya rufaa isomeni kabla ya kuondoka. Iwe na tarehe manjano yalipoanza, matokeo ya damu kwa namba, maelezo ya altrasaundi, dawa zote, na mzio kama upo. "Mgonjwa wa manjano, tafadhali msaidieni" si rufaa.

Nunueni faili la plastiki lenye kifungo. Humo mtie karatasi zote, picha za CT kwenye diski yake (ripoti peke yake haitoshi, daktari wa upasuaji anataka kuziona picha kwa macho yake), kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na nyaraka za Mfuko wa Huduma za Afya kama mgonjwa ni mwanachama. Faili lishikwe na mtu mmoja. Nimeona koo tatu zikigombana koridoni, huku CT iko kwa shemeji Kariakoo na shemeji simu yake imezima.

Wakati wa kusi bahari huchafuka. Mgonjwa anayetapika na kukauka maji kwenye boti hufika figo zimeshachoka, na mwenye manjano figo zake ziko hatarini tangu mwanzo. Kama uwezo upo, apande ndege Chake. Kama ni boti, akae katikati, chini, anyweshwe maji kidogo kidogo, na mwulizeni daktari kama apewe dripu kabla ya safari. Mwenye homa ya kutetemeka asipande chombo chochote kabla ya kuanzishwa dawa za mshipani.

Kaeni pia na jamaa mkubaliane nani anaamua. Kwetu uamuzi husubiri ami aliyeko Dar, kaka aliyeko Muscat na mama mdogo wa Wete. Wote waheshimiwe, lakini simu ipigwe mapema. Daktari akija na fomu ya ridhaa asikute kikao ndiyo kinaanza.

Hatua ya nne: jueni mnakwenda kukatwa nini

Kutoa kifuko cha nyongo ndiko kwepesi. Upasuaji huo ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1882 mjini Berlin na Carl Langenbuch, na leo hufanywa kwa matundu madogo manne. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ya pili. Pengine daktari huanza kwa matundu akaona pameshikana, akafungua tumbo. Msimlaumu. Aliyefungua kwa sababu haoni vizuri amemwokoa mgonjwa wenu. Hatari yenyewe ni kukatwa mrija mkuu kwa kudhaniwa ni kijirija cha kifuko, jambo linalotokea kwa wachache sana, kama 3 hadi 5 kati ya 1,000. Mtu huishi vizuri bila kifuko. Nyongo hushuka moja kwa moja.

Mawe yaliyoshuka kwenye mrija mkuu kwa kawaida huvutwa kwa ile kamera ya mdomoni kwanza, kisha kifuko hutolewa. Kutoa mawe ya mrija na kukiacha kifuko kilichojaa mawe ni kudeki chumba na bomba bado linavuja.

Jipu la ini, hasa la amiba, mara nyingi halina haja ya kisu. Dawa na sindano ya kunyonya usaha huku wakitazama kwa altrasaundi hutosha.

Uvimbe wa ini huweza kukatwa pamoja na sehemu ya ini. Ini lina sehemu nane, kila moja na mishipa yake, na ini zima la mtu mwenye afya likibakishwa theluthi moja tu hukua tena kwa wiki na miezi. Ini lenye makovu halina uwezo huo, ndiyo maana daktari hukataa kumkata mtu ambaye kwa macho yetu anaonekana mzima. Kichocho chetu cha Unguja na Pemba, kwa taarifa, ni kile cha kibofu cha mkojo. Kichocho kinachotia ini makovu ni cha bara, upande wa maziwa. Kwa hiyo mtu wa hapa mwenye ini la makovu ufikirieni zaidi ugonjwa wa homa ya ini B, au pombe.

Kubwa kuliko zote ni ya kichwa cha kongosho, iliyopewa jina la Allen Whipple wa Marekani aliyeieleza mwaka 1935. Hukatwa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo, kipande cha mrija na pengine kipande cha tumbo la chakula. Kisha huunganishwa upya mahali patatu: kongosho na utumbo, mrija na utumbo, tumbo na utumbo. Saa nne hadi nane. Maungio ya kongosho ndiyo yanayoleta kizaazaa, kwa sababu kongosho ni laini kama siagi na maji yake kazi yake ni kuyeyusha nyama.

Kwa upasuaji huu mwulizeni daktari bila haya: "Umefanya mingapi mwaka huu?" Duniani kote, penye uzoefu wanaofariki ni chini ya 5 kati ya 100, na pasipo uzoefu idadi hupanda mara kadhaa. Daktari mzuri hakasirishwi na swali hilo. Muulizeni pia: lengo ni kuponya au kumpunguzia mateso? Saratani ya kongosho, ni kama mmoja kati ya watano tu anayekutwa bado inaweza kutolewa. Wengine husaidiwa kwa bomba la chuma au kwa kuunganishiwa njia ya pembeni ili manjano na muwasho viondoke, pamoja na dawa ya mofini ya maji kwa maumivu. Na mgonjwa aliyeacha kujikuna, akalala usiku mzima na kula samaki wake, huyo katendewa jambo kubwa.

Hatua ya tano: wiki ya kabla ya kisu

Damu ya mwenye manjano haigandi vizuri, kwa sababu bila nyongo utumbo hauwezi kunyonya vitamini K. Huchomwa sindano ya vitamini hiyo siku chache kabla. Ulizeni kama kachomwa. Leteni ndugu wa kuchangia damu mapema, wasiwe wa kutafutwa alfajiri.

Mwenye kuvuta sigara aache sasa, wiki nne kabla kama zipo. Atembee koridoni kila siku. Ale kidogo mara nyingi: samaki, mayai, maharage, uji wenye maziwa. Ile dhana ya kumnyima chakula mwenye manjano na kumpa maji ya muwa peke yake humfikisha mezani akiwa mifupa.

Dawa za mizizi, habasoda, aspirini, zote zitajwe. Hakuna atakayekucheka. Kombe nalo ni maji: kama daktari kasema mwisho wa kunywa ni saa mbili kabla, na kombe limo. Nimewahi kuona upasuaji ukiahirishwa wiki mbili kwa kikombe kimoja alichonyweshwa mgonjwa mlangoni.

Anayetolewa mkia wa kongosho pamoja na bandama achanjwe wiki mbili kabla, kwa kuwa bandama ndiyo inayotulinda na baadhi ya vijidudu hatari.

Hatua ya sita: wodini

Mtamkuta na mpira puani, mpira wa mkojo, na mmoja au miwili ubavuni inayotoa maji ya ndani ya tumbo. Hii ya ubavuni msiikalie wala msiivute, na kila asubuhi tazameni rangi. Mekundu mepesi ya siku ya kwanza hayatishi. Damu nzito inayojaza mfuko, au maji ya kijani ya nyongo, au ya kijivu yenye vumbivumbi, semeni hapohapo. Tumbo la chakula baada ya Whipple huchelewa kuamka, pengine wiki moja na zaidi, na mgonjwa hutapika. Bibi anayekuja na chupa ya supu ya pweza siku ya tatu anakuja kwa mapenzi. Mpokeeni, supu inyweni nyinyi.

Aliyetolewa kifuko cha nyongo akawa siku ya tatu tumbo linajaa, ana homa, au macho yanarudi manjano, arudi hospitali. Asiambiwe ni gesi.

Kinyama kilichokatwa hupelekwa maabara. Andikeni nani atafuata majibu na lini. Nimeona saratani ikijulikana mwaka mmoja baadaye kwa sababu karatasi ilikaa droo na familia ilishavuka kurudi Pemba.

Hatua ya saba: nyumbani

Bomba la plastiki huziba ndani ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo lazima libadilishwe au litolewe. Mvuvi mmoja wa kaskazini ya Pemba alikaa nalo karibu mwaka. Alijihisi mzima, akarudi baharini, akaletwa anatetemeka hawezi kusema. Tarehe iandikeni kwenye kalenda ya ukutani, na wino mwekundu.

Asibebe ndoo wala gunia kwa wiki sita, na msimu wa karafuu ukifika aanue majamvini. Mikarafuu wapande wengine.

Aliyekatwa kongosho, choo chake kikiwa kinaelea, kinang'aa mafuta na kunuka sana, anakosa vimeng'enya vya kusaga chakula. Hupewa vidonge vya kumeza na tonge la kwanza, si baada ya kula. Sasa lipo jambo ambalo aghalabu halisemwi: vimeng'enya hivyo hutengenezwa kutoka kongosho la nguruwe, na baadhi ya sindano za kuzuia damu kuganda hutokana na utumbo wake. Wagonjwa wakilisikia kwa jirani huacha kimyakimya, wakakonda mpaka kufa. Lizungumzeni mapema na daktari na sheikh wenu kwa pamoja. Aya ya 173 ya Suratul Baqara juu ya aliyefikwa na dharura masheikh wanaijua, na wengi nimewasikia wakiruhusu. Mradi mgonjwa aamue akiwa anajua.

Ramadhani ya kwanza baada ya upasuaji mkubwa, hasa akiwa anachoma insulini, asijipangie mwenyewe. Akiruhusiwa kufunga, vidonge huenda na futari na daku.

Na ikiwa tatizo lilikuwa homa ya ini B, kabla hamjapanda boti kurudi, mume, mke, watoto na ndugu waliolelewa nyumba moja wapimwe hukohuko. Asiye nayo achanjwe sindano tatu, aliye nayo aandikishwe kliniki hata kama anajisikia mzima. Mama yule wa miwani ya jua lake lilikuwa jiwe, likavutwa, akaenda zake. Lakini tulipowapima wanawe wanne kwa desturi yetu, mmoja alikutwa nayo, na alikuwa na mimba ya miezi saba.